Umeng'olewa jino? Hivi ndo utakula mpaka shimo lifunge, kwa vyakula vyetu vya huku Dodoma

Wiki iliyopita mama kaja toka Mpwapwa kung'olewa gego, nimekaa naye siku nane hapa Nkuhungu nikimpikia, na kila jioni simu haziishi, mara shangazi, mara dada, wote swali moja tu, "sasa huyo mgonjwa anakula nini?" Nikaona bora niandike yote sehemu moja. Pia mi mwenyewe nilishawahi kung'olewa gego la chini miaka ya nyuma, nikakosea kula, na maumivu niliyoyapata siku ya tatu yalizidi hata ya lile jino lililonipeleka kwa daktari. Sitaki mtu mwingine apitie kile.

Kwanza uelewe kinachoendelea mle mdomoni, ukishaelewa hata usiposhika majina ya vyakula utajua mwenyewe hiki nile hiki niache. Jino likitoka linaacha shimo, shimo linajaa damu, ile damu inaganda inakua bonge zito kama kipande cha ini. Hilo bonge ndo dawa yenyewe. Limefunika mfupa na mishipa ya fahamu kule chini, na nyama mpya inaanzia hapo hapo. Likichomoka mapema mfupa unabaki wazi, upepo unapita, maji yanapita, chakula kinaingia, na hapo ndo mtu anasikia maumivu yanapanda mpaka sikioni, usiku halali, mdomo unatoa harufu. Madaktari wanaita shimo kavu. Mara nyingi linaanza siku ya pili mpaka ya nne, wakati mtu anajiona keshapona, na magego ya chini ndo yanaongoza. Wavuta sigara wako kwenye hatari zaidi, na akina dada wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango pia, kwahiyo mwambie daktari kabla hajaanza kazi.

Kwahiyo kula kwako kote wiki hii ni kulinda lile bonge huku tumbo lisikae tupu. Hayo mawili yanaenda pamoja, maana wapo wanaolinda bonge kwa kushinda njaa siku tatu, wanameza vidonge vya maumivu kwenye tumbo tupu, jino linapona tumbo linaanza.

Kabla hujaenda

Kama unachomwa sindano ya ganzi tu, kula ushibe kabla ya kutoka nyumbani, usiende na njaa, maana ukitoka kule utakaa masaa kadhaa bila kula na wengine wanaishiwa nguvu kwenye kiti. Ila kama umeambiwa utalazwa usingizi kabisa, hapo fuata masharti ya daktari ya kutokula. Mimi mama nilimpa ugali na mboga saa mbili asubuhi, akapiga mswaki vizuri, tukaondoka.

Afu nenda sokoni siku moja kabla. Majengo pale unapata vyote kwa mzunguko mmoja, maparachichi yaliyoiva, ndizi mbivu, boga, viazi mviringo, mlenda, karanga, unga wa mtama. Ukisema utaenda ukirudi hutaenda, utakua umeshika shavu na jua letu hili na vumbi, utaishia kununua chipsi.

Siku ya kwanza

Ile pamba uliyopewa ing'ate kwa nguvu ya kawaida, nusu saa mpaka dakika 45, bila kuitoa toa kuangalia. Kila ukiitoa unachomoa damu iliyoanza kuganda. Ganzi nayo inakaa masaa mawili mpaka manne hivi kwa meno ya chini, na mpaka iishe usile kabisa, maana utatafuna mdomo wako au ulimi bila kujua na ukipewa kitu cha moto hutasikia kama kinaunguza. Watoto ndo wa kukaa nao karibu, mtoto ganzi inamchezea anaanza kung'ata mdomo, ikiisha unakuta umevimba wote na kidonda juu. Maji ya kawaida unaweza kunywa taratibu kwa kikombe.

Ganzi ikiisha anza na vitu vya baridi au vilivyopoa kabisa. Cha moto siku hii hapana, joto linafungua mishipa damu inaanza upya. Mama nilimuanza na maziwa mgando, kijiko kwa kijiko, hayana haja ya kutafunwa na yanashibisha, na hapa kwetu kwenye ng'ombe wengi huyakosi. Baada ya masaa mawili nikamponda parachichi nusu na ndizi mbivu moja kwa uma mpaka ikawa laini kabisa, nikaongeza maziwa kidogo. Jioni uji wa mtama uliopoa. Siku nzima ikaisha hivyo na hakulalamika njaa.

Uji nautengeneza hivi, unga wa mtama vijiko vikubwa viwili, maji kikombe kimoja na nusu, unakoroga kwanza na maji ya baridi usifanye mabonge, unachemsha dakika 15 au 20 huku unakoroga, unamalizia na maziwa nusu kikombe na kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa laini kabisa. Afu hatua ambayo wengi wanaruka, CHUJA. Mtama na uwele vina pumba ndogo ndogo ambazo siku za kawaida hata huzisikii, ila zikiingia kwenye shimo zinakaa mle na huwezi kuzitoa. Pitisha kwenye chujio la chai, acha upoe mpaka ukigusa sufuria husikii joto. Na karanga kama hazijasagwa zikawa kama siagi, usiweke.

Sasa nije kwenye kunyonya, na hapa naomba usome taratibu maana ndipo mimi nilipoharibu.

Watu wengi wanaambiwa "usitumie mrija" wanaitika sawa, hawatumii mrija, ila wananyonya kwa njia nyingine kumi. Ukinyonya chochote, hewa mdomoni inavuta, na inavuta lile bonge kutoka shimoni. Mi siku ya pili nlikua najisikia safi kabisa, nikapitia mtu anauza ubuyu, ule wa rangi wenye sukari, nikajiambia siutafuni, nanyonya tu. Si ni laini? Nikanyonya punje moja baada ya nyingine mpaka pakti ikaisha. Usiku wa siku ya tatu nikaamka na maumivu ambayo siwezi kuyaelezea, kesho yake nikarudi kwa daktari, akaangalia akasema bonge halipo. Akasafisha shimo, akaweka dawa yenye harufu kali ya karafuu, na ndani ya saa moja nikaweza kuongea vizuri, ila nilirudi mara mbili zaidi kubadilishiwa. Kwahiyo ubuyu wa kunyonya weka pembeni wiki mbili. Maji ya kandoro yale ya kwenye nailoni yasipite mdomoni, mimina kwenye kikombe. Barafu za ukwaju na lambalamba, hapana. Chupa ya maji yenye kile kimdomo cha kubana, hapana. Pipi, hapana. Mfupa wa supu ule wa kufyonza uboho, hapana, hata kama umepoa. Na kutema mate ni kule kule, wengi siku ya kwanza wanatema kila dakika kuangalia kama damu imeisha, na kule kutema ndo kunaifanya isiishe. Meza mate yako. Yakiwa na rangi ya pinki siku hiyo usiogope, damu kidogo ikichanganyika na mate mengi inaonekana nyingi.

Sigara acha, kama huwezi kabisa basi siku tatu nne za mwanzo ziwe za kuvumilia, maana sigara ni kunyonya na moshi wake unachelewesha kidonda. Na hapa niongee na wazee wetu, ugoro wa kuweka kwenye fizi ni tumbaku hiyo hiyo. Mjomba alikuja kumsalimia mama akamshauri aweke kidogo shimoni "ikauke haraka", nikamwomba kwa heshima mjomba tusiweke chochote. Wala konyagi, wala mkaa, wala chumvi kavu. Shimo halitaki kitu chochote ambacho daktari hajaweka yeye.

Siku ya pili na ya tatu

Hapa sasa unaweza kula vya uvuguvugu, na hapa ndo mlenda unapokuja. Kwakweli sijui kama kuna chakula kilichoumbwa kwa mtu aliyeng'olewa jino kama mlenda, unateleza, hautaki meno, hauachi punje, na una karanga ndani yake za kukupa nguvu. Watu wa mikoa mingine wanahangaika kununua blenda na sisi tuna hiki kitu toka kwa bibi zetu.

Ila upike tofauti kidogo. Kama ni mlenda mkavu uliosagwa, upitishe kwenye chekeche laini kwanza, maana majani yanakaushwa juani kwa upepo wetu huu na mchanga unaingia, na mchanga kwenye shimo la jino ni mateso. Chemsha maji vikombe viwili, weka nyanya moja iliyosagwa bila maganda wala mbegu, chumvi kidogo, magadi kiasi cha kushika na ncha za vidole viwili, karanga zilizosagwa laini vijiko viwili, acha zichemke vizuri karanga ziive, afu nyunyizia mlenda kidogo kidogo huku unakoroga mpaka uone unavutika. Pilipili usiweke hata ile ya kunusa. Dakika kumi umemaliza, acha upoe uwe wa uvuguvugu.

Ugali wa kulia nao uwe wa sembe, laini kuliko kawaida, ule unaokaribia uji mzito. Dona na uwele subiri, kwa sababu ya zile pumba. Kata tonge dogo, chovya, peleka upande ambao haujang'olewa. Mama siku ya pili mchana alikula sahani nzima akaomba kuongezwa, na hapo nikajua tumevuka. Kwa mzee sana au mwenye shida ya kumeza, matonge madogo zaidi na akae wima, kuteleza kwa mlenda kusije kukamleta kwenye kukabwa.

Mbali na mlenda kuna mayai ya kukoroga yasikauke, viazi mviringo vya kuponda na maziwa, boga la kuchemsha, viazi vitamu ukitoa zile nyuzi nyuzi. Maharage au choroko chemsha mpaka ziive sana, ponda, chuja maganda, hapo unapata rojo zito lenye protini. Supu ya kuku au mbuzi chuja isiwe na vipande vya mifupa wala nyuzi za nyama, unywe kwa kikombe. Kama kuna jirani Mchaga akutengenezee mtori, upokee, uache upoe. Papai laini ni zuri. Embe angalia aina, zenye nyuzi zinabaki shimoni. Chungwa, nanasi, ukwaju, ndimu zinachoma kidonda, ziache kwanza, na unga wa ubuyu kwenye uji nao una uchachu kwahiyo mimi mama nilianza kumuwekea siku ya tano, kijiko kimoja cha chai tu. Soda yenye gesi acha. Bia na mvinyo acha, na kama umeandikiwa metronidazoli ndo usiguse kabisa, pombe na hiyo dawa haviendani, unaweza kutapika vibaya, na ukimaliza dozi subiri siku tatu ndo unywe.

Niliulizwa sana kuhusu dawa na maziwa. Amoksilini na metronidazoli havina shida na maziwa, ila kuna antibayotiki nyingine zinazokataa maziwa, kwahiyo ukipewa tofauti na hizo muulize mfamasia hapo hapo dirishani. Ibuprofeni na diklofenaki meza ukishakula, hata uji kikombe kimoja unatosha, na kama una vidonda vya tumbo, figo au ujauzito usizimeze bila kumwambia daktari. Asprini usijinunulie kwa ajili ya maumivu ya jino, inafanya damu isigande, lakini kama daktari wa moyo ndo alikuandikia usiiache bila kumuuliza. Metronidazoli inaleta ladha ya chuma mdomoni, mama alidhani chakula changu kimeharibika, nikamweleza ni dawa. Na wenye sukari msiruke mlo eti kwa sababu ya jino huku mnaendelea na dawa za sukari, sukari itashuka, uji uwe karibu muda wote.

Kusukutua

Masaa 24 ya mwanzo usisukutue kabisa. Baada ya hapo, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa yakabaki ya uvuguvugu, kila ukimaliza kula na kabla ya kulala. Usisukutue kwa nguvu mashavu yakicheza, jaza mdomo, inamisha kichwa huku na huku, afu inama kwenye beseni ufungue mdomo maji yaanguke yenyewe. Kuna watu huku wanasema maji yetu ya kisima si yana chumvi tayari, tunasukutulia hayo hayo. Hapana, ile chumvi chumvi ya kisima siyo kipimo na maji hayajachemshwa. Meno mengine endelea kupiga mswaki kama kawaida, pale kwenye shimo ndo usiguse, wala kwa kijiti, wala kwa ulimi. Najua ulimi unavyovutwa kwenda pale. Uzuie.

Kuanzia siku ya nne

Hapa unasikiliza mwili. Maumivu yanatakiwa yawe yanapungua kila siku, na yakipungua ongeza uzito wa chakula, wali uliopikwa bokoboko, tambi laini, samaki asiye na miba, nyama ya kusaga kwenye mchuzi, mkate uliochovya kwenye chai ya uvuguvugu. Wali nauweka hapa na siyo siku ya pili kwa sababu punje yake inaenea shimoni vizuri mno. Upande wa kutafunia bado ni ule mwingine.

Kama maumivu yalipungua afu siku ya tatu au ya nne yanarudi kwa nguvu na harufu mbaya, usikae nyumbani unaongeza vidonge, rudi kwa aliyekung'oa asafishe shimo, antibayotiki peke yake haitakuondolea yale maumivu. Damu ikiwa inatoka mfululizo, ng'ata kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo nusu saa bila kufungua mdomo, ikigoma rudia mara moja, ikigoma tena nenda hospitali hata kama ni usiku. Na shavu likizidi kuvimba baada ya siku ya tatu, homa, mdomo haufunguki, au unameza na kupumua kwa shida, hapo usisubiri kukuche, chukua bajaji uende hospitali, General au Benjamin Mkapa, popote palipo karibu. Siongezi chumvi, uvimbe wa jino ukishuka shingoni unaua.

Wiki moja ikipita wengi wanarudi kwenye ugali wa kawaida na mboga za majani zilizokatwa katwa. Nyama choma ya mnadani Msalato najua ndo kila mtu ananiuliza, mi nasema subiri wiki mbili, nyuzi za mbuzi zinaingia pabaya na kuvuta kwa meno kunavuta fizi. Karanga za kukaanga, bisi, mahindi ya kuchoma, miwa, nazo wiki mbili, na bisi ndo mbaya zaidi kwa sababu ile ngozi nyembamba ya punje inajificha chini ya fizi inaleta usaha. Zabibu kama ni msimu, menya ganda toa mbegu, au subiri tu. Waliopasuliwa fizi kutoa gego la mwisho wakashonwa, wao waongeze muda kwa jinsi daktari alivyosema.

Mama leo kaondoka na basi la asubuhi, nimemfungia uji wake kwenye chupa na kikombe cha kunywea, maana njia nzima wanauza maji na ubuyu dirishani. Shimo lake limeanza kufunika kwa juu, ila bado kuna kibonde, na hicho kitaendelea kuonekana wiki kadhaa kwa sababu mfupa wa chini unajijenga kwa miezi. Nimemwambia mpaka kibonde kiishe, kila akimaliza kula asukutue na maji, hata kama haoni kitu kimeingia.